Mwalimu Udongo na Bustani ya Dada

Nianze kwa kusema kwamba shemeji yangu simchukii. Nimejaribu, hasa mwaka ule aliostaafu, nikashindwa. Kumchukia mtu anayevaa soksi mpaka bustanini kunataka bidii, na bidii yangu yote naimaliza kwenye cherehani. Lakini kumcheka ni haki yangu. Ni mume wa dada yangu wa tumbo moja, na nisipomcheka mimi nani atamcheka? Dada hana nafasi.

Kwa miaka thelathini na mmoja shemeji alifundisha somo la udongo katika chuo cha kilimo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Udongo, na jina likamfuata mpaka mtaani. Alizijua aina zote za udongo kwa majina yake, alijua kuzichora ubaoni kwa chaki za rangi, na alijua kuwafelisha watoto wa watu kwa sababu mstari wa kahawia wameuchora juu ya mstari wa kijivu. Kitu ambacho hakuwahi kukifanya ni kuushika udongo wenyewe. Chuoni kulikuwa na mtumishi wa maabara aliyeleta udongo kwenye makopo, akangoja kipindi kiishe, akauondoa. Kucha za shemeji zilikuwa safi kuliko za muuguzi, na wageni wakija nyumbani alikuwa akizionyesha.

Dada yeye hakuwa na cheti cha kitu chochote. Alikaribia kukipata. Alikuwa na miezi mitatu katika chuo cha ualimu alipochumbiwa, na siku ya kuongea mambo ya ndoa shemeji alisema mbele ya wazee wetu kwamba nyumba haiwezi kuwa na walimu wawili, lazima abaki mmoja wa kusikiliza. Watu wakacheka sana. Wiki iliyofuata sanduku la Dada likarudi kutoka bwenini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyelipokea mlangoni. Dada alilifungua, akaitoa sare yake ya chuo, akaikunja vizuri na kuirudisha chini kabisa, chini ya shuka. Hakulia. Mimi nililia, tena kwa hasira, na sijui kama ile hasira imekwisha mpaka leo.

Basi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusikiliza na mume mwenyewe anashinda chuoni, akaanza kupanda maua.

Nyumba yao yenye geti la kijani imejengwa kwenye mteremko. Juu, getini, mafundi waliacha mchanga wa kujengea, ukachanganyika na ardhi. Pale ukimwaga ndoo ya maji, kabla hujageuka yamezama. Katikati kuna udongo tifutifu, mweusi, mlaini, ambao hata kijiti cha kuchokonolea meno ukikichomeka kitataka kuchipua. Chini, karibu na bomba, ni mfinyanzi mtupu. Na kando ya ukuta wa jirani kuna vifusi vya saruji na chokaa vilivyofukiwa juu juu na mtu mvivu.

Haya yote Dada hakuyasoma popote. Aliyajua kwa kuua mimea. Waridi la kwanza alilipanda getini ili wapita njia walione, likakauka. La pili akalipanda palepale, maana na yeye ana ukaidi wake, likakauka vilevile. La tatu akalipeleka chini kwenye mfinyanzi, akachimba shimo la kufika magotini, akachanganya samadi iliyooza na majani makavu, na lile waridi likamshukuru kwa maua makubwa kama visahani. Bogonvilia ilikuwa kinyume chake. Kule chini ilioza mizizi ikiwa bado changa. Alipoipandisha getini kwenye mchanga na kuisahau kidogo kwa maji, ikalipuka rangi mpaka geti halionekani. Gadenia ya kando ya ukuta ikawa njano kwa ajili ya chokaa, akaihamishia kwenye nusu pipa lenye mboji. Asumini ndiyo iliyokaa katikati, ikajaza harufu nyumba nzima.

Watu wakaanza kuja kununua miche, na Dada akawa muuzaji mgumu kupita wote niliowahi kuwaona. Kabla ya kukuuzia alikuuliza: "Kwako maji yakimwagika yanazama au yanatuama?" Usipojua, alikurudisha nyumbani ukamwage ndoo moja kwanza. Mke wa mfamasia alikuja na kipande cha pazia, anataka bogonvilia ya rangi ile ile ya kupanda chini ya dirisha. Dada akamuuliza kuhusu maji. Mama wa watu akasema yeye amekuja kununua ua, hakuja kufanya mtihani. Akaondoka kwa maringo, akanunua kwingine, na nasikia siku hizi chini ya dirisha lile ameweka maua ya plastiki. Yanalingana na pazia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa shemeji alipostaafu. Alirudi na maboksi matatu ya notisi, koti jeupe la maabara, na chupa sita za kioo. Siku mbili za kwanza alilala. Siku ya tatu alitoka kibarazani, akaitazama bustani kwa muda mrefu, akasema, "Hapa hapana mpangilio."

Wiki hiyo hiyo ikaja barua. Ilitoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana iliyo ng'ambo ya mto. Mama yule alikuwa amenunua kwa Dada miche minane, yote ikashika, wakati kila kilichopandwa shuleni kabla ya hapo kilikufa. Sasa alitaka mtu wa kuipanda shule nzima vichaka vya maua na kuwafundisha wasichana kazi hiyo, vipindi vinne kwa wiki, kama mwalimu. Angekuja baada ya miezi mitatu na mjumbe wa bodi kuiona bustani, ndipo waamue. Kwa kuwa jina la Dada hakulijua, bahasha aliandika: Kwa Mtaalamu wa Bustani, Nyumba ya Geti la Kijani.

Shemeji aliisoma akiwa amesimama. "Wamesikia nimestaafu," akasema.

"Baba, hiyo barua ni yangu," Dada akamwambia. "Yule mama alinunua kwangu. Tulizungumza naye mimi."

"Wewe utakuwa msaidizi wangu," shemeji akajibu kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi. "Usiwe na wasiwasi, nitakutaja."

Mchana Dada akaja kwangu. Nyumba yangu iko mitaa miwili kutoka kwake. Mbele ni kibaraza ninaposhonea. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akachukua vipande vya vitambaa akawa anavikunjakunja. "Mdogo wangu," akasema, "nimezeeka, najua. Lakini hii kazi naitaka kama nilivyoitaka ile ya kwanza." Nikamwambia amwambie mumewe hivyo hivyo. Akasema amemwambia, na mumewe amemwelewa kwamba anataka kusaidia.

Shemeji naye akaingia kazini. Akaigawa bustani kwa kamba na vigingi kama anayetaka kujenga ghorofa. Akamwambia Dada achimbe udongo sehemu tatu, juu, katikati na chini, amletee kwenye makopo ya maziwa ya unga. Dada akachimba. Shemeji akaandika vibandiko kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: JUU, KATIKATI, CHINI. Akavibandika vizuri, bila mkunjo, kwenye vifuniko.

Narudia, kwenye vifuniko. Makopo yenyewe yalibaki bila maandishi ubavuni, yanafanana kama mapacha. Kisha akavifungua vifuniko vyote vitatu, akauanika udongo juani palepale kwenye makopo, akaenda kuoga. Aliporudi akavirudisha vifuniko. Cha katikati alikipatia. Cha JUU akakifunika kwenye kopo la udongo wa chini, cha CHINI kwenye kopo la udongo wa juu.

Mtu yeyote aliyewahi kupika uji angeligundua kosa hilo kwa kuchungulia tu. Shemeji hakuchungulia, alisoma kibandiko. Akatia udongo kwenye chupa, akamimina maji, akatikisa, akangoja utulie, akapima kwa rula, akaandika. Jioni akatangaza matokeo: getini ni mfinyanzi, karibu na bomba ni kichanga.

Dada alikuwa anamenya viazi. Akakiweka kisu chini. "Mwalimu, vifuniko vimebadilishana. Getini ndiko kwenye mchanga."

"Nani kasomea udongo humu ndani?" shemeji akamuuliza.

Dada akakichukua kisu, akaendelea na viazi vyake. Mimi nilikuwepo, nikafungua mdomo, naye akanitazama jicho moja tu nikaufunga. Nilidhani amekata tamaa. Nilikuwa simjui vizuri.

Kesho yake shemeji akaita vibarua wawili na kuwapa mpango. Kwa kuwa bogonvilia hupenda kichanga, alisema, na hilo ni kweli kabisa, zihamishwe kutoka getini zipelekwe kwenye kichanga, yaani kule bombani. Na mawaridi, kwa kuwa huvumilia mfinyanzi, yapandishwe kwenye mfinyanzi, yaani getini. Yule kibarua mkubwa, anayechimba visima na misingi, alipiga jembe mara moja kule chini, likanasa. Akalivuta kwa mikono miwili. "Mzee, huu mchanga wa hapa unashika sana," akasema. Shemeji akamjibu kwamba kuna mchanga wa namna nyingi. Kibarua akamtazama mwenzake, wakaendelea kuchimba, maana wao walilipwa kwa kuchimba.

Lakini kabla ya vibarua kufika, asubuhi na mapema, Dada alikuwa amepita na mkasi wake. Alikata vipandikizi vya kila kichaka, vya urefu wa penseli, akavifunga kwenye gunia lenye unyevu akaja navyo kwangu. Siku nne mfululizo alikuja. Halafu akaanza kuleta udongo, ndoo moja moja: wa getini peke yake, wa katikati peke yake, wa chini peke yake na samadi juu. Kibaraza changu kikajaa makopo ya rangi, masufuria yaliyotoboka, na hata ndoo yangu ya kufulia nzima, isiyo na tundu, ambayo aliitoboa yeye bila kuniomba ruhusa. Mteja akija kupimwa ilibidi nimpime akiwa amesimama mguu mmoja. Mmoja aliondoka na mwiba wa bogonvilia kwenye sketi niliyokuwa nimemshonea mwenyewe. Nikalalamika. Dada akaniambia, "Vumilia, miezi mitatu tu." Nikavumilia, lakini sikunyamaza.

Kule kwenye geti la kijani mambo yalikwenda kombo mapema. Bogonvilia zilisimama wiki mbili kwenye tope, wiki ya tatu zikaanza kupukutika. Shemeji akasema zinapumzika. Mawaridi ya getini yakajikunja majani, akasema yanajizoesha. Alipoona yanazidi kujizoesha akaagiza yamwagiliwe mara tatu kwa siku, na maji yakazama, na mawaridi yakabaki vijiti. Kitu kimoja tu kilichostawi ni asumini ya katikati, ambayo haikuguswa. Kila mgeni alipelekwa kwanza kwenye asumini. "Hii ndiyo faida ya sayansi," shemeji alikuwa akisema.

Jumamosi ya ugeni ikafika. Shemeji alivaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, akatundika ubaoni mchoro wake wa rangi. Alikuwa ameukopa ubao huo chuoni. Mwalimu mkuu alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, mwenye viatu vya kufunika vya kazini. Mjumbe wa bodi alikuwa bwana mnene anayejipepea na kofia. Dada alikuwa na sinia la chai. Mimi nilijialika.

Shemeji alifundisha. Sisemi alieleza, alifundisha, dakika arobaini, mpaka mjumbe wa bodi akatafuta mahali pa kukaa. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia vijiti vya getini. "Na haya ni nini?" akauliza.

"Mawaridi, katika kipindi cha kujizoesha."

"Nilipokuja mwaka jana yalikuwa chini kule, na yalikuwa na maua."

"Yalikuwa na maua, lakini hayakuwa na mpangilio," shemeji akasema. "Tushuke chini nikuonyeshe." Akatangulia kwa kujiamini, akipita juu ya mbao alizotandika chini ili soksi zisichafuke. Mwalimu mkuu akamfuata kwa pembeni. Shemeji akageuka, akanyoosha rula yake. "Hapa tulipo sasa ni kichanga. Maji hayatuami, mguu hauzami."

Mwalimu mkuu akanyanyua mguu. Mguu ukaja, kiatu kikabaki.

Akakitazama. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kitambaa, na nakiri kwamba machozi yalinitoka. "Mwalimu," yule mama akasema, amesimama kwa mguu mmoja na hajacheka hata kidogo, "kichanga chako kimenivua kiatu."

Shemeji akaitazama karatasi yake. Akakitazama kiatu. Akairudia karatasi. Mjumbe wa bodi akamgeukia Dada. "Na wewe mama, unasemaje?"

Dada akaweka sinia chini. Akachota tope lile kwa mkono, akalifinyanga viganjani likawa uzi, akaupinda uzi ukawa pete isiyokatika. "Huu ukipinda namna hii ni mfinyanzi," akasema. "Waridi linaupenda, ila uulainishe kwa samadi. Bogonvilia hapa inaoza." Akapanda getini, nao wakamfuata, mwalimu mkuu akiwa na kiatu mkononi. Akachota tena, na udongo ukampita kati ya vidole. "Na huu ni mchanga. Bogonvilia ukiiweka hapa usiihurumie sana kwa maji, ikishiba inatoa majani tu." Alisema haya yote kwa sauti ya kawaida, anamtazama anayemwambia, na anangoja mpaka ameelewa. Nilimwona, nikajua kumbe hivi ndivyo angekuwa siku zote.

Mjumbe akauliza ni vipi basi matokeo yamekuja kinyume. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeyaleta makopo, lazima nimpe sifa hiyo. Dada akafungua la kwanza na la tatu, akabadilisha vifuniko, akayafunga.

Shemeji alikuwa amepauka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza nani kasomea udongo."

Hakuna aliyekunywa chai. Dada akawachukua wageni mpaka kwangu, miguu yake ina tope na ya mwalimu mkuu pia, akawaonyesha kibaraza. Vipandikizi vilikuwa vimeshika karibu vyote, kila kimoja kwenye udongo wake. Bogonvilia mbili zilikwisha toa maua, na waridi moja lilikuwa na tumba lililokaribia kufunguka. Mwalimu mkuu alipita akigusa majani na kuuliza maswali, Dada akijibu, na mimi nikipiga hesabu ya ni lini nitapata tena pa kushonea. Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine. Safari hii iliandikwa majina yake, yote matatu, na mbele ya jina wameandika Mwalimu.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Shemeji hakutoka nje siku tatu. Siku ya nne akatoka, na nikaanza kusikia mitaani kwamba "tumechaguliwa". Kwa kinyozi alisema tumechaguliwa. Dukani, tumechaguliwa. Jumapili, siku moja kabla Dada hajaanza kazi, wakaja wenzake watatu wa chuoni, waliostaafu kama yeye, kumpongeza. Walimpa mkono mmoja mmoja pale sebuleni. "Mwalimu, wewe hata kustaafu hukukubali," mmoja akamwambia. Shemeji akawa anatabasamu, anasema asanteni, tunashukuru, tutajitahidi.

Dada alikuwa ametokea mlangoni. "Mimi ndiye niliyechaguliwa," akasema.

Hakupaza sauti. Wale wazee wakageuka na mikono yao bado imenyooka. "Miaka thelathini na mmoja mnakuja katika nyumba hii," akaendelea, "mnakula, mnakunywa, mnaniaga. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nilitaka kuwa nani."

Mmoja wao, mpole kuliko wenzake, akauliza, "Kwani ulitaka kuwa nani, shemeji?"

"Mwalimu."

Nilimtazama mume wake. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyatunza tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nangoja aongeze moja tu la ujinga niyatoe yote mbele ya wenzake. Alikohoa. Akaitazama mikono yake.

"Alikuwa chuoni," akawaambia. "Alikuwa ameshaanza. Mimi ndiye niliyemtoa."

Wale wazee wakakaa chini bila kukaribishwa. Mimi naona haya kusema kwamba nilimeza maneno yangu yote, makavu, moja moja. Dada akajifuta mikono kwenye khanga. "Basi kesho unichemshie chai mapema," akamwambia. "Kipindi changu cha kwanza ni saa mbili."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Akangoja mpaka Dada ameingia ndani, akaninong'oneza kuniuliza sukari inakaa wapi.